Jemima Alijibu Mara Nne

Kampuni ilipoleta mtandao wa kisasa Butembo, ilianza na jambo lililo muhimu kuliko yote: hotuba. Zilisomwa tatu, katika hoteli ambayo viti vyake vilikuwa vimevalishwa nguo nyeupe, na katika zote tatu hakuna aliyeeleza mtandao wenyewe unafanya nini. Kazi hiyo aliachiwa Rachida, fundi wa kampuni, ambaye hakualikwa hotelini kwa sababu saa ile alikuwa juu ya mnara, mita arobaini kutoka ardhini, akikaza skrubu.

Rachida alikuwa na miaka thelathini. Alizaliwa Beni, katika komini ya Ruwenzori, binti wa Issaka, msafirishaji ambaye malori yake yalipita kila tope lililoko kati ya Kasindi na Alimbongo. Alipomwambia baba yake kwamba amepata kazi ya kupanda minara, Issaka aliuliza swali moja tu: kama kule juu kuna kitu cha kushika.

Wateja walipomuuliza mtandao huu mpya una tofauti gani na ule wa zamani, Rachida aliwaeleza hivi. Antene ya zamani inamwaga mawimbi pande zote, kama mtu anayemwagia bustani maji kwa ndoo. Antene mpya inayakusanya mawimbi yawe mwale mwembamba, halafu inaulenga mwale ule kwenye boksi iliyofungwa ukutani kwako. Mwale unafika mbali na una nguvu, lakini una kiburi. Ukikutana na ukuta, lori, au hata nguo iliyolowa, unakufa palepale. Kwa hiyo boksi inapewa orodha ya miale ya akiba. Mwale wa kwanza ukipotea, boksi inapima ile ya akiba, inachagua wenye nguvu, inaiambia antene: nihamishie huku. Antene inaitika, na maisha yanaendelea. Yote hayo yanamalizika kabla mtu hajapepesa jicho.

Ndivyo ilivyo pale ambapo orodha imetengenezwa na mtu aliyeutazama mji.

Orodha ya Butembo ilitengenezwa na chef Zorobabel, mkuu wa mradi, katika mchana mmoja. Alifungua orodha ya Beni, akafuta neno Beni, akaandika Butembo. Kwa wepesi ule alipongezwa kwa barua iliyosomwa na idara nzima. Hakuna aliyekumbuka kwamba Beni imelala chini kama mkeka na Butembo imekaa juu ya vilima. Miale mitatu ya akiba ambayo kule Beni ilisemekana kuelekea bulevadi, barabara kuu, hapa Butembo ilikuwa na anwani nyingine kabisa: namba kumi na moja iliangalia msitu wa mikaratusi, namba kumi na mbili iliangalia makaburi, na namba kumi na tatu iliangalia mteremko wa kijani ambapo ng'ombe sita walikuwa wanapata mtandao bora kuliko meya.

Na ili mtu yeyote asiharibu kazi ile nzuri, Zorobabel alizifunga boksi zote zisiguse mwale wowote ulio nje ya orodha. Namba ya siri ya kuzifungua alikuwa nayo yeye peke yake.

Rachida aligundua mambo haya siku nane kabla ya sherehe ya mahari tutakayoisikia sasa hivi. Alizunguka mtaani na kipimo mkononi, halafu akaingia katika bureau, ofisi ya chef.

"Chef, liste ya Butembo iko mubaya," alisema. "Mwale wa kwanza ukikatika, boksi inaenda kuomba musaada kwa makaburi. Lakini niliona mwale ingine, namba makumi mbili na saba. Inapiga ku mabati mapya ya ile dépôt ya kahawa, inarudia mu nyumba za pale chini, muzuri kabisa."

Zorobabel alimtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma mbali.

"Mwale yenye kurudia nyuma? Rachida, kampuni yetu inaenda mbele."

"Haiko kurudia nyuma, chef. Iko kugonga na kuzunguka."

"Liste ilisha kusainiwa," alisema Zorobabel, akafunga kompyuta, kwa kuwa kitu kilichosainiwa hakiwezi kuwa na kosa.

Rachida aliandika ripoti ya kurasa mbili. Ripoti ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa chini ya nyingine.

Basi kampuni ilikuwa inatafuta tukio la kuonyesha nguvu yake kwa watu, na tukio likajileta lenyewe. Melchior, mfanyabiashara wa kahawa katika mtaa wa chini ya mnara, alikuwa na binti, Jemima, mwalimu wa hesabu. Jemima alikuwa amechumbiwa na Phinées, fundi seremala wa Beni. Siku ya kupokea mbuzi wa mahari ilikwisha pangwa, lakini siku zile barabara ya Kabasha, ile inayotoka Beni, ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mvivu, leo kwa sababu ya bunduki, kesho kwa sababu ya tope. Mbuzi walipita na muuza mbuzi mmoja aliyekuwa na ujasiri. Wazee wa Beni hawakupita.

Zorobabel aliposikia, aliona mbele yake jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Akaenda kwa Melchior na maneno matamu: kampuni itaweka boksi, skrini kubwa, kamera na hema. Familia ya Beni itakaa Beni, ya Butembo itakaa Butembo, na desturi itapita ndani ya mwale. Itakuwa mara ya kwanza katika jimbo lote, labda duniani, hakuwa na wakati wa kuhakikisha.

"Na tutaonana sura?" aliuliza Melchior. "Juu desturi yetu mutoto anajibia mbele ya macho ya bazee. Haiko mambo ya telefone."

"Muzee, utaona mupaka jasho ku pua," aliahidi Zorobabel. Kisha yeye mwenyewe akaenda Beni siku tatu mapema, kwa ndege ndogo, ili awe upande wa bwana harusi ambako kamera ya televisheni ilikuwa imeahidiwa. Butembo alimwachia Rachida.

Alimwachia pia hema. Lilikuwa shitingi, yaani turubai la plastiki, la bluu lenye nembo ya kampuni, kubwa kama uwanja, na amri yake ilifika kwa maandishi: nembo iwe mbele ya veranda, ionekane katika picha. Rachida alisimama uani akatazama. Juu kulikuwa na mnara, chini kulikuwa na boksi kwenye ukuta wa veranda, mahali pekee pa nyumba ile pasipoangalia mlima, na katikati, sawasawa kama umepimwa na mtu mwenye nia mbaya, ulikuwa ukingo wa shitingi.

Akampigia chef.

"Kama hakuna mvua, itapita," alimwambia. "Ikinyesha, ile shitingi itabeba maji, na maji inakula mwale."

"Mwezi hii hakuna mvua," alisema Zorobabel kutoka Beni, kama mtu aliyekwisha kusaini hilo nalo.

Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja ulijaa. Wazee walikaa mbele, akina mama nyuma yao, kwaya pembeni, na mbuzi kumi na wawili walifungwa kwenye ukuta wa jikoni wakila maua ya mama mwenye nyumba. Skrini ilionyesha Beni safi kabisa. Phinées alionekana katika koti lililombana, na karibu naye baba yake mdogo, mzee Syauswa, msemaji wa familia, mtu aliyejulikana kutoka Mulekera hadi Kayna kwa kutosema neno moja pale ambapo kumi yangetosha. Nyuma yao Zorobabel alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili.

Zorobabel alihutubia. Syauswa alihutubia. Melchior alijibu kwa ufupi. Na mvua ikaanza, mvua ya Butembo, ile isiyosoma maandishi ya kampuni.

Mwanzoni hakuna lililotokea. Watu walisogea ndani ya hema, kwaya ikabana, na maji yakaanza kujikusanya juu ya shitingi, mbele ya veranda, yakafanya tumbo. Tumbo likakua. Rachida alilitazama jinsi mtu anavyotazama deni la ndugu.

Wakati huo Melchior alikuwa amemsimamisha Jemima katikati. Jemima alikuwa amevaa kitenge cha kijani, mtulivu, kama anavyosimama mbele ya darasa linalopiga kelele.

"Mwanangu," alisema Melchior kwa sauti ya watu wote kusikia, "batu ba Beni balileta mbuzi kumi na mbili. Bazee wako banangojea. Tukule hizi mbuzi, ao turudishe?"

Upepo ukasukuma tumbo la maji likaning'inia mbele ya boksi.

"Mukule," alisema Jemima.

Wanawake wa Butembo walipiga vigelegele hadi mbuzi wakaacha kula. Melchior akafuta macho. Kwaya ikaanza wimbo. Ni Rachida peke yake aliyetazama skrini, na kwenye skrini mzee Syauswa alikuwa amesimama na mdomo wazi, bila kusogea, na chini yake kulikuwa na maneno: *inatafuta*.

Ilikuwa inatafuta kweli. Boksi ilipima mwale wa kumi na moja, ikapata mikaratusi. Ikapima wa kumi na mbili, ikapata marehemu. Ikapima wa kumi na tatu, ikapata ng'ombe. Ikaomba msaada kwa wote watatu, kwa adabu, na hakuna aliyeitika. Mwishowe ikajizima na kujiwasha upya, kazi iliyochukua dakika nne.

Dakika nne baadaye upepo ulilivuta tumbo la maji pembeni, mwale ukarudi, na Syauswa akaendelea kuishi.

"Alors?" aliuliza. "Mutoto anasema nini? Huku tuliona tu anafunga macho na kukunja mudomo."

Ilikuwa kweli. Picha ya mwisho iliyofika Beni ilimkuta Jemima tone la maji linamdondokea puani. Kwa dakika nne ukoo mzima wa Phinées ulikuwa umetazama uso wa mtu aliyeonja kwinini.

"Alisha kukubali, muzee!" alisema Melchior. "Hamukusikia vigelegele?"

"Hatukusikia kitu. Umuulize tena."

Melchior akauliza tena. Jemima akavuta pumzi, akatazama kamera, akasema, "Mukule," na tumbo la maji, kama limealikwa, likarudi mahali pake.

Mara hii vigelegele vilikuwa vichache. Mjomba mmoja alichukua fimbo ya kuchungia mbuzi, akalisukuma shitingi kwa chini ili kuyamwaga maji, na maji yalitii: yalimwagika yote juu ya kwaya. Waimbaji wa sauti ya tatu walikimbilia jikoni, na mvua ikaanza kulijaza tumbo upya.

Dakika nne. Skrini ikarudi. Syauswa alikuwa hajakaa.

"Mara ya pili," alisema polepole, "na mutoto anakuwa bubu."

"Haiko bubu, muzee, ni machine," alisema Rachida, akisogea mbele ya kamera. "Mutupatie dakika kidogo. Tunahamisha..."

"Wewe ni nani?"

"Ni fundi."

"Hatukuja kuoa fundi," alisema Syauswa. "Aulizwe mara ya tatu. Kwetu, tatu inatosha."

Jemima aliulizwa mara ya tatu. Alijibu kabla baba yake hajamaliza swali, haraka, kama mtu anayejaribu kupita mlangoni kabla haujafungwa. Hakupita. Syauswa aliganda akiwa ameinua kidole.

Sasa hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Jemima alimgeukia baba yake.

"Tata, niachie nimuite Phinées ku telefone ya kawaida. Namwambia ndiyo, biishe."

"Mutoto wangu anajibia bazee ku telefone, kama mutu anauzisha maharagi?" alisema Melchior. "Hapana. Tuliahidiwa macho."

Rachida hakungoja mabishano yaishe. Alikuwa amekwisha kufungua kompyuta juu ya ndoo iliyogeuzwa, chini ya ukingo wa veranda. Ukurasa wa boksi ulikuwa mbele yake: miale mitatu isiyo na faida, na chini yake mahali pa kuandika namba ya siri. Akampigia Zorobabel kwa simu yake ya kawaida, ambayo ilitumia mnara wa zamani na haikuwa na matatizo yoyote. Zorobabel akakata. Akapiga tena, akakata. Mara ya tatu ukaja ujumbe: *Niko mu cérémonie.*

"Bwana yako iko karibu na chef wangu?" Rachida alimuuliza Jemima.

"Iko mita mbili."

"Basi muite Phinées. Siyo kwa jibu. Kwa code."

Jemima akapiga, akaweka sauti ya nje. Phinées aliitika mara moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa anangoja simu ile kwa hofu.

"Jemima, kama ni hapana, uniambie tu."

"Phinées, hatuko mu mambo ile. Pelekea telefone kwa ule mutu wa micro. Haraka."

Walisikia hatua, viti, kikohozi, halafu Zorobabel ananong'ona kwa hasira.

"Rachida! Unanifanya nini hapa? Televisheni iko!"

"Chef, natafuta code ya boksi. Natoa ile miale tatu, naweka makumi mbili na saba."

"Ile inahitaji ruhusa ya bureau."

"Bureau ni wewe. Na muzee Syauswa anasema tatu inatosha."

Nyuma ya chef walimsikia mzee Syauswa akiwaambia wanawe waanze kukusanya vitu. Zorobabel alifikiri, pengine, juu ya jina lake na herufi zake kubwa. Akanong'ona kitu kisichosikika.

"Sisikie, chef."

Akanong'ona tena.

"Anasema hivi," ilikuja sauti ya Phinées, wazi, ya fundi aliyezoea kupaza sauti juu ya msumeno. "Zorobabel, halafu kistari, halafu DG. DG herufi kubwa. DG ni nini?"

"Directeur général, mukubwa wa kampuni yote," alisema Rachida, akiandika.

"Ni yeye?"

"Bado."

Chini ya hema mtu alicheka, akina mama wakafuata, hata Melchior alitazama pembeni. Rachida alifuta kumi na moja, akafuta kumi na mbili, akafuta kumi na tatu. Akaandika ishirini na saba. Akapeleka. Halafu akakaa juu ya visigino vyake, mikono imelowa, akitazama taa ya boksi. Angekosea mbele ya watu hawa, wangesema ni mtandao. Kampuni ingesema ni Rachida.

Taa ilikuwa nyekundu. Tumbo la maji lilikuwa limening'inia palepale. Boksi ilipoteza mwale wa kwanza, ikahesabu, ikakata tamaa, ikafungua orodha. Huko juu antene ilituma mwale wake kwenye mabati mapya ya depo ya kahawa, mabati yakaurudisha, ukapita chini ya shitingi kwa pembeni, juu ya kichwa cha mbuzi wa mwisho, ukaingia ndani ya boksi. Boksi ikaita. Antene ikaitika.

Taa ikawa kijani. Hakuna aliyepiga vigelegele, kwa kuwa hakuna aliyejua taa ile ni ya nini.

Skrini ikafunguka. Beni ilikuwa pale, na sauti yake yote. Lakini jambo moja Rachida alilielewa sekunde chache baadaye: Beni haikuwaona. Zorobabel, kwa kuficha aibu, alikuwa ameweka nembo ya kampuni kwenye skrini ya upande wake, nembo nzuri inayozunguka. Kamera na maikrofoni hakuvikumbuka.

"...tangu mwanzo nilisema," Syauswa alikuwa anasema, amewapa mgongo. "Batu ba Butembo banajifanya. Mutoto anakunja mudomo mbele ya bazee! Mwanamuke mwenye kukataa mbuzi namna ile, kesho atakataa kupika. Turudie kwa ule binti wa Kayna. Ule hata hakusoma, hana shida."

Melchior aliinua mkono kwa polepole kumzuia mtu yeyote asitoe sauti, na Rachida, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuwaarifu watu wa Beni, alikiondoa.

Phinées alikuwa amesimama. Maisha yake yote hakuwahi kumkatiza baba yake mdogo, jambo ambalo, kwa haki, halikuwahi kufanywa na mtu yeyote.

"Baba mudogo," alisema, "sikuya hapa kutafuta mutu hana shida. Huyu nilimungojea miaka ine. Kama anakataa, aniambie yeye mwenyewe, siyo picha yenye kuganda. Na akiniambia hapana, nitarudi mwaka kesho kumuuliza tena. Nitatembea na miguu kama barabara iko imefungwa."

"Na ule wa Kayna?"

"Ule wa Kayna umuoe wewe."

Hilo liliwashinda watu wa Butembo. Shangazi mmoja alianza kucheka ndani ya kitenge chake, cheko likamtoroka, na hema zima likalipuka. Kule Beni kila mtu aliruka akitafuta sauti inatoka wapi. Zorobabel alikimbilia kitufe, akaondoa nembo, na nyuso themanini za Butembo zikatokea mbele ya Syauswa, zimelowa, zinacheka.

"Muzee Syauswa," alisema Melchior kwa upole mkubwa, "sasa tunakusikia muzuri sana."

Mzee Syauswa alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo hakulipata. Alikaa.

"Jemima," alisema Melchior, "nakuuliza mara ya ine, desturi inisamehe. Tukule hizi mbuzi, ao turudishe?"

Jemima alitazama skrini. Hakuwa na haraka tena. Phinées alikuwa bado amesimama, koti limempasuka begani, na alikuwa anamtazama yeye, si kamera.

"Mukule," alisema. "Mukule zote. Na baba mudogo Syauswa asikuwe na mashaka, chakula yake nitaipika mimi mwenyewe."

Jibu lilifika Beni lote, hadi herufi ya mwisho. Vigelegele vya pande mbili vilikutana katikati ya barabara iliyofungwa. Tumbo la maji lilining'inia hadi saa nane mchana na halikumsumbua mtu.

Siku ya Jumatatu kampuni ilitoa tangazo. Lilisema kwamba katika sherehe ya kihistoria mtandao ulipata kikwazo kidogo cha hali ya hewa na kujiponya wenyewe kwa sehemu ya sekunde, chini ya uongozi wa mkuu wa mradi. Rachida aliletewa ripoti iliyoandikwa tayari ili aweke sahihi. Alisoma, akaomba kalamu, na badala ya sahihi aliandika saa na dakika: mara tatu kupotea, dakika nne kila mara, miale mitatu isiyoelekea kwa mtu, na namba ya siri iliyopatikana kwa msaada wa bwana harusi. Akapeleka kwa wote waliopelekewa ile barua ya pongezi.

Kampuni ilitafakari kwa juma moja namna ya kumwadhibu bila kuonekana inamwadhibu. Mwishowe ikamhamishia Beni, kwa kazi ya kukagua orodha ya kule, ikiamini kwamba imemtupa mbali na kwao. Alilala kwa mama yake, katika chumba alichokulia. Na alipoifungua orodha ile ya Beni, mama wa orodha ya Butembo, alikuta mwale wa kumi na tatu umeandikwa jina kwa herufi ndogo: *upande wa ziwa*. Beni haina ziwa: orodha hiyo nayo ilikuwa imenakiliwa kutoka mji mwingine. Alicheka peke yake, akachukua kipimo, akaanza kuuzunguka mji mtaa kwa mtaa, kwa miguu, majuma matatu. Alipomaliza, kila boksi ya Beni ilikuwa na akiba inayoelekea mahali ambapo watu wanaishi.

Zorobabel, kwa upande wake, aliitwa Kinshasa kufundisha wengine jinsi ya kuponya miale. Siku moja kabla ya somo alimpigia Rachida amweleze tena, polepole, ile ya mabati inafanyaje. Rachida alimweleza. Alikuwa na roho nzuri, na isitoshe alitaka angalau mtu mmoja katika kile chumba aseme kitu cha kweli.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane, barabara ilipofunguliwa siku nne mfululizo. Melchior alimwita jirani yake Mwislamu, Aruna, achinje mbuzi mmoja kwa halali, ili Rachida na baba yake, mzee Issaka, wale bila wasiwasi, na walikula. Mzee Syauswa alipelekewa sahani yake na bibi harusi mwenyewe. Akaila yote, kisha akamfuata Rachida pembeni, karibu na ukuta, chini ya ile boksi ya veranda. Aliinama, akaongea kwa sauti ndogo sana.

"Fundi. Hii kitu, hata sasa inasikia?"

Rachida alitazama juu. Boksi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, waya wake umechomolewa unaning'inia.

"Sijue, muzee," alisema. "Bora kusema muzuri tu."

Syauswa aliitikia kwa kichwa, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba katika miaka yake sabini hakuwahi kuona ukoo wenye adabu kama huu wa Butembo.